Clouser Minnow: anza na macho

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kufunga flai, yaani chambo bandia kinachofungwa kwa uzi na manyoya kwenye ndoana, hukimbilia manyoya, maana ndiyo yenye rangi. Huwarudisha kwenye macho. Katika flai iitwayo Clouser Minnow, yale macho mawili, vigololi vizito vya madini ya risasi vilivyoungana, ndiyo flai yenyewe. Mengine ni mavazi.

Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, aliibuni miaka ya 1980 kwa ajili ya samaki aitwaye besi wa mto Susquehanna. Lefty Kreh, mvuvi na mwandishi mashuhuri wa uvuvi wa flai, ndiye aliyeipa jina. Sisi wafungaji wa Kenya, ambao kazi yetu huuzwa Ulaya na Marekani, tunapaswa kuielewa vizuri.

Bana ndoana namba 4 kwenye jiliwa, tandika uzi, kisha weka macho juu ya shina la ndoana, theluthi moja ya urefu wake kutoka kwenye tundu la kufungia kamba. Juu, si chini! Uzito ukikaa juu, flai ikiingia majini hupinduka: macho yanaelekea chini, ncha ya ndoana juu. Ndiyo maana inapita kwenye mawe bila kunasa ovyo. Tena uzito uko mbele, hivyo mvuvi akivuta kamba flai huinuka, akituliza mkono inazama kwa kichwa. Mara nyingi samaki huidaka hapo inapozama.

Funga macho kwa mizunguko ya umbo la nane. Halafu zungusha uzi kwa ulalo, kati ya macho na shina, ukivuta mpaka ukaribie kukatika. Hiyo ya ulalo ndiyo inayoikaza ile ya nane. Tia tone la gundi, kisha yasukume macho kwa kidole. Yakicheza, fumua.

Singa nyeupe za mkia wa kulungu zifungwe mbele ya macho, zipite katikati yake, zifungwe tena nyuma. Pindua ndoana. Weka nyuzi chache za kumetameta, halafu singa za kijani-manjano, mbele ya macho tu, zikifunika ncha. Upande huu ndio utakaokuwa mgongo, nao mgongo wa samaki mdogo kwa kawaida umekolea kuliko tumbo. Chota singa unazoona zinatosha, kisha rudisha nusu. Flai nene huchelewa kuzama na haichezi.

Ikikauka gundi, ifunge kwenye uzi na uivute ndani ya beseni la maji. Ikilala ubavu, angalia kama macho yamehama katikati ya shina au singa zimezidi upande mmoja.