Miguu Ikichoka, Mikono Inasema

Wengi hudhani mcheza baleti akiacha kuruka amekwisha, na kwamba kuigiza kwa ishara ni kimbilio la waliochoka. Sivyo kabisa. Tamara Karsavina, nyota wa Urusi aliyehamia London mwaka 1918, alirithisha ishara hizo kama fani kamili. Akikaribia miaka 75, alimfundisha Frederick Ashton, mtunzi wa baleti wa Uingereza, onyesho lililoingia katika baleti yake "La Fille mal gardée" ya 1960: msichana Lise, akidhani yu peke yake, anajiona ameolewa, analea watoto asio nao, mara mpenzi wake anachomoka kwenye miganda ya ngano! Hakuna neno, lakini ukumbi mzima umeelewa. Kwangu mimi hilo ni gumu kuliko kuruka: mkono ukiutangulia muziki kidogo tu, maana imepotea.