Bondia wa ridhaa ambaye hakugeukia ngumi za kulipwa

Ridhaa ni kukubali jambo kwa hiari, bila kushurutishwa na bila ujira, na ndiyo maana Kiswahili kimelichukua neno hilo kumtaja bondia anayepigana kwa ajili ya klabu, jeshi, chuo au taifa lake, tofauti na bondia wa kulipwa, ambaye kila pambano kwake ni mkataba wenye promota na mgawanyo wa fedha. Mabondia wengi hupita daraja la ridhaa wakielekea kwenye kulipwa. Makala haya yanawahusu wale wa Marekani waliofika kileleni mwa ridhaa, mlango wa fedha ukiwa wazi mbele yao, wasiuingie.

Hiari hiyo ndiyo kiini cha dhana yenyewe. Teófilo Stevenson wa Kuba alitwaa dhahabu tatu za Olimpiki, mwaka 1972, 1976 na 1980, naye hakupigana kwa kulipwa hata siku moja. Lakini nchini kwake ngumi za kulipwa zilikuwa zimepigwa marufuku tangu mwaka 1962, kwa hiyo kuzifuata kungemlazimu kuihama nchi. Mmarekani hakuwa na kizuizi cha namna hiyo. Kwake sheria ilikuwa kali upande mmoja tu: ukishapokea malipo ulingoni, huna tena nafasi ya kurudi kwenye ridhaa, na Olimpiki haikuwakubali mabondia wa kulipwa hadi mwaka 2016.

Mfano ninaouona kuwa bora kuliko yote ni Norvel Lee wa jimbo la Virginia. Mwaka 1948, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, alikamatwa kwa kukaa ndani ya treni katika sehemu iliyotengewa Wazungu, akatiwa hatiani, akakata rufaa, na mwaka 1949 mahakama ya juu ya jimbo ikaitengua hukumu hiyo kwa kuwa safari yake ilihesabiwa kuwa ya kuvuka mipaka ya majimbo. Miaka mitatu baadaye alikwenda Helsinki kama bondia wa akiba wa uzito wa juu, akapunguza mwili hadi kufikia kilo 81, akashinda dhahabu kwa kumpiga Antonio Pacenza wa Argentina katika fainali, na juu ya hayo akapewa tuzo ya Val Barker, ambayo ilikuwa ikitolewa kwa bondia aliyeonyesha ufundi bora kuliko wote katika michezo hiyo. Kisha akaendelea na masomo na kazi ya elimu. Wenzake wawili wa kikosi kilekile walichagua njia nyingine: Floyd Patterson alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1956, ilhali Ed Sanders, aliyetwaa dhahabu ya uzito wa juu, alifariki Desemba 1954 baada ya kuangushwa katika pambano la Boston, akiwa hajamaliza hata mwaka mmoja katika ngumi za kulipwa.

Sababu za kubaki zilitofautiana. Eddie Eagan, bingwa wa Antwerp mwaka 1920, alikuwa na sheria ya kusoma na baadaye uwakili wa kufanya (na mwaka 1932 akapata dhahabu nyingine katika mbio za sleji za barafuni, jambo ambalo halihusiani na ngumi lakini ni vigumu kulinyamazia). Eddie Crook, bingwa wa uzito wa kati mjini Roma mwaka 1960, alikuwa askari, akabaki jeshini na kwenda vitani Vietnam, wakati Cassius Clay (baadaye Muhammad Ali) wa kikosi hichohicho alipanda ulingo wa kulipwa wiki chache tu baada ya michezo kwisha. Jesse Valdez naye alipata shaba ya uzito wa welta Munich mwaka 1972, shaba ileile aliyoipata Dick Murunga wa Kenya, kwa kuwa wawili wanaoshindwa katika nusu fainali hupewa medali wote.

Mashabiki hupenda kuuliza mabondia hawa wangefika wapi wangegeuka. Swali hilo huchukulia kwamba kazi ni moja ila ya pili ina fedha, na sivyo. Pambano la ridhaa enzi hizo lilikuwa la raundi 3 za dakika 3, kwa hiyo bondia mwepesi wa mkono, anayegusa na kutoka, angeweza kulimaliza kwa pointi kabla pumzi haijamwishia. Pambano la ubingwa wa kulipwa lilikuwa la raundi 15. Pete Rademacher, bingwa wa Olimpiki wa uzito wa juu mwaka 1956, alilijaribu pengo hilo bila ngazi yoyote: pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa, Agosti 1957 mjini Seattle, lilikuwa la kuwania mkanda wa Patterson. Katika raundi ya 2 alimwangusha bingwa chini. Katika raundi ya 6 yeye ndiye aliyehesabiwa hadi kumi.