Ziwa Natron halimgeuzi mtu jiwe

"Kaka, hapa ndipo ndege wanapogeuka mawe?" Hata gari sijalizima. Kila kundi la watalii ninalolileta hapa, kaskazini mwa Tanzania, linashuka na simu mkononi, linatafuta sanamu.

Hakuna kiumbe anayegeuka jiwe Natron. Zile picha za ndege kama mawe zilizosambaa mwaka 2013 ni za mpiga picha Nick Brandt. Aliokota mizoga iliyokauka ufukweni, akaisimamisha kwenye matawi kana kwamba iko hai, akaipiga picha. Mwenyewe alisema hivyo; waliosambaza ndio walioyaacha maelezo hayo. Magadi ya volkano kama Ol Doinyo Lengai yanaingia ziwani na hayana pa kutokea, maana hakuna mto unaotoka. Jua linakausha maji, magadi yanabaki, pH, kipimo cha ukali wa magadi majini, inapita 10. Ndege akifia humo anakauka kama ng'onda. Akiwa mzima, anaruka zake.

Tena anaruka kwa wingi! Inakadiriwa robo tatu ya heroe wadogo (flamingo) wote duniani wanazaliwa hapa. Wanafinyanga vichuguu vya tope, yai moja juu ya kila kimoja, mbali katikati ya ziwa ambako fisi hawezi kuvuka. Magadi mnayoyaogopa ndiyo boma lao. Lililo karibu zaidi na hiyo hadithi ya jiwe lilitokea Ziwa Magadi, Kenya, mwaka 1962: magadi yaliganda kama pingu kwenye miguu ya vifaranga, watu wakaingia kuzivunja moja moja. Vifaranga wale walikuwa hai. (Na nyie vaeni viatu vya kufunika, si ndala. Nasema kila safari, na kila safari kuna mmoja anayerudi akichechemea.)

Eti ziwani hakuna samaki? Wapo perege wadogo, kwenye chemchemi za moto za kingoni.

Eti heroe anazaliwa wa waridi? Kifaranga ni wa kijivu. Rangi inatokana na mwani anaokula.

"Si ni Ramsar, basi ni hifadhi ya taifa, mbona kuna ng'ombe?" Natron iliingia orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2001, lakini Ramsar haimfukuzi mtu. Inadai matumizi ya busara, na Wamaasai wanachunga hapa tangu zamani.

Linalonichosha zaidi baada ya lile la mawe ni hili, nalo nililisikia sana ulipozuka mpango wa kiwanda cha magadi: "Heroe wakisumbuliwa watahamia ziwa jingine." Maziwa ya Bogoria na Nakuru, Kenya, wanakwenda kula. Kutaga wanarudi huku.