Tansio (presha ya damu) na futingi (kukimbia) ya asubui: maswali yenye watu wa Bukavu wanauliza sana

Swali: Nikitoka kukimbia nikapima tansio napata 17 (ni kusema 170), kumbe nyumbani niko na 13 (130). Futingi inaniharibu?

Jibu: Hapana, ulipima saa mbaya. Ukikimbia misuli inaomba oksijeni mingi, basi moyo wenye ukipumzika unasukuma damu litre 5 hivi kwa dakika unaweza kufika 20, ndiyo maana namba ya juu inapanda, ya chini yenyewe inabakia palepale ao inashuka kidogo sababu mishipa ya misuli imefunguka. Kisha mazoezi tansio inashuka, mara mingi chini ya vile ilikuwa mbele ya kukimbia, na inaweza kubakia chini masaa mingi. Pima asubui mbele ya futingi na mbele ya kahawa, ukikaa kimya dakika 5, mkono juu ya meza.

Swali: Na wenye kukimbia muda wa saa moja na nusu?

Jibu: Jasho likitoka sana maji ya damu inapunguka, kila pigo linasukuma damu kidogo kuliko mwanzo, sasa moyo unaongeza mapigo hata kama mwendo ni uleule. Kunywa maji, punguza mwendo kwenye milima ya Kadutu. Na tafazali usisimame gafla, damu itabakia ku miguu, uanguke. Tembea kwanza dakika 5 ao 10.

Swali: Mama yangu anakunywa dawa ya tansio, aanze kukimbia?

Jibu: Aanze kutembea haraka, dakika 30, siku 5 kwa juma, aweze kuongea lakini asiweze kuimba. Asihesabu mapigo, sababu dawa zingine za tansio zinayapunguza, asikilize pumzi yake. Kisha miezi kazaa mashini yenye ilikuwa inaandika 150 inaweza kuandika 143, na moyo unazoea kupiga polepole sababu kila pigo linatoa damu mingi. Lakini vidonge haviachwe bila munganga! Inaniuma kabisa kuona mama anaacha dawa juu anajisikia muzuri, tansio hailie, inaharibu figo na ubongo kimyakimya. Kama amepata 18 kwa 11 (180 kwa 110), aende kwanza ku kituo cha afya.

Swali: Nisimame wakati gani?

Jibu: Kifua kikibana, maumivu ikienda ku mkono ao ku taya, kizunguzungu, pumzi kukata kuliko kawaida. Usimalize kilometa yenye ilibakia, omba mtu akupeleke hospitali palepale.