Je, wajua? Mpira wa kisamvu sio mpira wa matairi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mti wa mpira ulio kwenye nyua nyingi hapa Dodoma, huu tunaouchuma kisamvu, ndio unaotoa matairi ya malori. Niliwahi hata kumweleza hivyo mgeni kutoka Dar, kwa kujiamini kabisa. Utomvu mweupe unaonata ulikuwepo, jina lilikuwepo. Nilitaka ushahidi gani tena?

Kumbe wa matairi ni Hevea, mti wa misitu ya mvua ya Amazon, ambao kwetu umepandwa Muheza na Kilombero. Mvua ya Dodoma, isiyofika milimita 600 kwa mwaka, haiutoshi. Tazama jani utaona tofauti: Hevea una majani madogo matatu yaliyoachana kabisa juu ya kikonyo kimoja. Wetu una jani moja lenye vidole, na kikonyo chake hakishiki ukingoni bali ndani kidogo, kama mpini wa mwavuli. Vidole hivyo umeshaviona kwenye muhogo. Muhogo ni Manihot esculenta, mpira wetu ni Manihot glaziovii: ndugu kabisa. Kwa hiyo kisamvu cha mpira sio cha kuigiza. (Nacho kina sumu ya sayanidi kama cha muhogo, kitwange na kukichemsha vizuri.)

Asili yake ni nyika kavu za kaskazini mashariki mwa Brazili. Wajerumani waliupanda huku kwa ajili ya utomvu, bei ikaporomoka mwaka 1913, biashara ikaishia hapo.

Utamu unaanzia miaka ya 1930, kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Mtafiti H. H. Storey alikuwa akipambana na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia kwenye muhogo. Mpira, ndugu wa porini, ulikuwa na kinga nzuri kuliko mihogo mingi ya shambani. Tatizo, mizizi yake haiwi chakula cha maana. Ikabidi kinga yake ihamishiwe kwenye muhogo kwa kuchavusha.

Ni kama umeomba chumvi kwa jirani, nusu ya ukoo wake ikahamia kwako. Ukichavusha muhogo kwa mpira, chotara anabeba nusu ya vinasaba vya porini. Mchavushe tena na muhogo, inabaki robo. Tena, moja ya nane. Kila awamu nusu ya wageni wanaondoka. Shida ni kwamba aliyeshika chumvi, yaani kinga, humjui, na asipoangaliwa ataondoka na wenzake. Kwa hiyo unaonja: unapanda miche mahali penye ugonjwa mwingi, inayougua unaing'oa, inayosimama unairudisha kwa muhogo. Kisha unasubiri mizizi. Kazi ya miaka.

Mbegu za uzao huo zilifika Nigeria miaka ya 1950, zikatoa aina iitwayo 58308, mzazi wa mihogo mingi iliyoboreshwa Afrika. Sio kila kinga ilitoka huko, lakini. Nyingine kubwa dhidi ya batobato ilipatikana baadaye kwenye mihogo ya wakulima wa Afrika Magharibi, bila mpira kuhusika.

Na wageni hawakuondoka wote. Uchunguzi wa vinasaba umekuta vipande vikubwa vya mpira kwenye kromosomu ya 1 na ya 4 za mihogo mingi iliyoboreshwa. Anayekula muhogo wa kuchemsha na kisamvu cha mpira pembeni huenda anautafuna mti mmoja kutoka pande mbili.