Chapati za maji za ndizi Jumamosi asubuhi: maswali ya wazazi na majibu yake

Nyanda za Juu Kusini hatuna shida ya ndizi. Ukishapita Kiwira kuelekea Tukuyu, akina mama wamezipanga kando ya barabara chane kwa chane, na sokoni Mwanjelwa au Uyole zile zilizoanza kuwa na madoa meusi unaweza kuzipata kwa bei ya kuzimaliza. Hizo zenye madoa ndizo zinazofaa chapati za maji, zile ambazo vijana wanaziita pankeki. Wazazi wananiuliza mambo mengi kuhusu chapati hizi, na nyuma ya maswali yao naona swali kubwa zaidi: tufanyeje ili kifungua kinywa kiwe chakula kamili badala ya chai ya sukari na kitu cha kuvimbisha tumbo? Nimeyajibu hapa yale yanayorudiwa zaidi.

Tupe vipimo vya watu wanne na namna ya kupika.

Andaa ndizi mbivu 3 za ukubwa wa kati (zile ndogo tamu, 5), mayai 2, kikombe 1 cha maziwa yaliyochemshwa yakapoa, kikombe 1 cha unga wa ngano na nusu kikombe cha unga wa ulezi au dona. Beking pauda ni kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa. Chumvi yenye madini joto weka kidogo tu, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole. Iliki au mdalasini ukipenda. Sukari haimo, na sababu iko mbele.

Ponda ndizi kwa uma mpaka zilainike. Piga mayai humo humo, ongeza robo tatu ya yale maziwa, kisha unga uliokwisha kuchanganywa na beking pauda. Koroga mpaka usione unga mkavu, halafu acha, maana ukiendelea kukoroga chapati zinakuwa ngumu. Funika dakika 10 ili ulezi unywe maji. Baada ya hapo ndipo utajua kama maziwa yaliyobaki yanahitajika. Mchanganyiko udondoke kwa uzito kutoka kwenye upawa, usichuruzike kama uji wa mgonjwa.

Kikaango kipakaze mafuta, usimimine. Kijiko 1 cha chakula kinaweza kutosha chapati zote, na kila kijiko unachozidisha kinaleta kalori kama 120. Moto uwe mdogo. Wengi wanaziharibu hapa: sukari ya ndizi inaungua haraka, kwa hiyo nje panakuwa peusi wakati katikati unga bado mbichi. Pika ndogo ndogo, upana wa kisahani cha kikombe. Subiri matundu yatokeze juu na kingo zikauke, ndipo ugeuze. Kabla ya kuipua bonyeza katikati kwa kidole. Ikirudi juu imeiva, ikibaki na shimo bado.

Nafuata vipimo vya dada yangu wa Dar es Salaam, lakini zangu zinaumuka halafu zinasinyaa. Ni unga mbaya?

Hapana, ni mwinuko. Jiji la Mbeya liko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa huku ni mdogo, kwa hiyo gesi inayotoka kwenye beking pauda inatanuka zaidi, chapati inapanda kabla haijashikana ndani, kisha inaanguka. Ndiyo sababu hiyo hiyo inayofanya maji yetu yachemke kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Dada yako akiweka vijiko viwili, wewe weka kimoja. Utapata na faida nyingine, kwa kuwa beking pauda ina sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, na mwenye presha ya kupanda hahitaji nyongeza hiyo.

Mume wangu anasema bila sukari hazina ladha. Nikiweka vijiko viwili vitatu kuna ubaya gani?

Mama, anza na ndizi zenyewe. Ndizi ikiwa ya njano safi, sehemu ya wanga wake bado haijageuka sukari. Ikishapata madoa, wanga mwingi umegeuka na utamu umekolea. Ukipika kwa ndizi za namna hiyo na kuongeza iliki, nina hakika mzee atakula bila kuuliza.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwenye chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Hiyo ya asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Anayetia vijiko 3 kwenye chai ya asubuhi na 3 kwenye ya jioni ameshavimaliza kabla hajagusa soda wala andazi. Sukari iliyomo kwenye tunda zima haihesabiwi humo. Ndizi moja ya kati ina gramu kama 14 za sukari, lakini inakuja na gramu kama 3 za nyuzinyuzi pamoja na madini ya potasiamu, jambo ambalo sukari ya mfuko haikupi.

Asali nayo ni sukari katika hesabu hiyo, hata iwe imerinwa msituni Mufindi. Ipake kidogo ukipenda, usiimwage.

Kamwene dada. Huku kwetu Iringa tunalima mahindi, viazi, maharage, tuna maziwa. Kwa nini tunaambiwa watoto wetu wamedumaa?

Kamwene. Swali hili linaniuma kila ninapoulizwa, kwa sababu ni kweli chakula mnacho. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Iringa asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Njombe ni asilimia 50. Wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Mikoa inayolisha wengine ndiyo inayoongoza.

Shamba peke yake halimkuzi mtoto. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Akijazwa uji mweupe wa sembe asubuhi na ugali mchana, ameshiba lakini hajapata protini, madini ya chuma wala zinki za kutosha. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto analishwa mara mbili kwa siku badala ya tatu au nne. Mayai yanakusanywa kwenye kikapu yapelekwe sokoni, maziwa yanauzwa, na anayeyahitaji kuliko wote anabaki kuyatazama yakiondoka. Ongeza kuharisha kwa mara kwa mara kunakotokana na maji na mikono michafu, maana mwili unaoharisha haunufaiki na hata chakula kizuri. Madhara makubwa hutokea tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili, zile siku 1,000.

Sitakudanganya kwamba chapati ya ndizi inaondoa udumavu. Ninachosisitiza ni ule mchanganyiko: tunda, yai, maziwa na nafaka isiyokobolewa kwenye bakuli moja. Yai moja lina gramu kama 6 za protini. Ukitoa mayai mawili kwenye kikapu cha kuuza kila Jumamosi, na mengine katikati ya wiki, umeanza kubadilisha sahani ya mtoto wako. Na baba ahusike. Uamuzi wa yai liuzwe au liliwe nyumba nyingi uko mikononi mwake.

Unga upi ni bora?

Usiokobolewa. Ulezi naupenda kwa sababu una kalisi nyingi, madini ya kujenga mifupa, karibu miligramu 340 kwa gramu 100, lakini ukiutumia peke yake chapati zinavunjika, ndiyo maana nimeuweka nusu kikombe tu. Dona inafaa pia, ilimradi mahindi hayakuwa na ukungu. Kwa unga wa ngano wa dukani, angalia nembo ya virutubishi kwenye mfuko. Kanuni zilizowekwa Tanzania mwaka 2011 zinataka unga wa ngano wa viwandani uongezwe virutubishi kama madini ya chuma, zinki na asidi ya foliki.

Mwanangu ana miezi minane. Naweza kumpa?

Ndiyo, baada ya miezi sita anaweza kula, huku ukiendelea kumnyonyesha mpaka afike miaka miwili au zaidi. Mtengee mchanganyiko wake kabla hujatia chumvi. Hakikisha yai limeiva kabisa. Mkatie vipande laini vya kushika kwa mkono, akae wima, na usimwache peke yake anapokula. Kama hajawahi kula yai, anza na kidogo, umwangalie kama atatoka vipele, kuvimba mdomo au kutapika. Asali hapana kabisa mpaka atimize mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vinavyotengeneza sumu ya kulegeza misuli ndani ya utumbo wa mtoto mchanga. Karanga nzima pia hapana, zinaweza kumkaba.

Baba yangu ana kisukari. Ale au asile?

Ale, kwa kipimo. Kwake tumia ndizi moja iliyoiva bila madoa, ongeza yai la tatu, na unga wa ulezi au dona uwe mwingi zaidi. Chapati mbili ndogo zinatosha, pamoja na yai la kuchemsha au kipande cha parachichi, na chai bila sukari. Kama ana mashine ya kupimia nyumbani, apime saa mbili baada ya kula, aone mwili wake unavyopokea. Kwa mwenye ugonjwa wa figo mambo ni tofauti: potasiamu ya ndizi inaweza kumdhuru, kwa hiyo amuulize kwanza daktari wake.

Ziliwe na chai?

Najua chai kwetu ni ya nyumbani, mashamba yako Rungwe na Mufindi. Lakini chai ya majani inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye nafaka na mboga. Mjamzito na mtoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu ndio wanaopungukiwa damu kwa urahisi. Watu wazima wasubiri kama saa moja baada ya kula. Watoto wape maziwa, na kando uweke papai, chungwa au pasheni, maana vitamini C inasaidia chuma kufyonzwa.

Maziwa ya kununua mtaani ni salama?

Yakichemshwa mpaka yakafura, ndiyo. Mabichi yanaweza kuleta brusela (ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo) na kifua kikuu, hata kama ng'ombe anaonekana mzima. Usiyatie mabichi kwenye mchanganyiko kwa kudhani kikaango kitamaliza kazi.

Asubuhi baridi ni kali, tunapikia ndani kwa jiko la mkaa tupate na joto. Kuna hatari?

Kubwa. Mkaa unapowaka unatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wanadhani makaa yakishakuwa mekundu bila moshi hatari imekwisha, kumbe sumu bado inatoka. Ikiingia mwilini inashika damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na kuna familia ambazo hazikuamka.

Pikia nje au kibarazani. Mvua ikikulazimisha kuingia, fungua mlango na dirisha vya pande mbili ili hewa ipite, na usilipeleke jiko chumbani hata kama umelifunika majivu. Mtu akilalamika kichwa wakati jiko linawaka, watoe wote nje kwanza, halafu mkimbize aliyezidiwa hospitali, ukawaambie kwamba alikuwa karibu na mkaa. Kuhusu chapati, ziweke kwenye hotpoti moja baada ya nyingine zikitoka kikaangoni. Zitakaa na joto mpaka wote waketi, na hutahitaji kuingiza jiko ndani ili kuzipasha.