Bledi ya bendiso yenye meno ya kabaidi: ni kitu gani, na inafaa mashine ipi

Bledi ya kabaidi ni mkanda wa chuma wa bendiso (msumeno ambao bledi yake ni mkanda unaozunguka kwenye magurudumu mawili) ambao ncha ya kila jino imechomelewa kipande kidogo cha tangsteni kabaidi. Mkanda wenyewe ni chuma chenye kunepa, kwa sababu unapinda na kunyooka kwenye magurudumu mamia ya mara kila dakika. Ugumu uko kwenye ncha. Kabaidi ni chembe za tangsteni na kaboni zilizoshikanishwa kwa kobalti, na ni ngumu kuliko chuma chochote cha msumeno. Lakini hainepi: ikikutana na msumari haipindi, inamegeka.

Isichanganywe na baimeto, ambayo ncha zake ni za chuma kigumu cha kukatia vyuma. Wala si ile iliyopakwa chenga za kabaidi bila meno. Hiyo ni ya kukatia vigae.

Tofauti nyingine imo kwenye umbo la jino. Bledi ya kawaida meno yake hupindwa, moja kulia moja kushoto, ili njia ya kukata iwe pana kuliko mkanda. Kila jino hugusa upande mmoja tu, ndiyo maana ubao hutoka na mistari. Ncha ya kabaidi kwa kawaida haipindwi. Yenyewe ni pana kuliko mkanda na hukwangua pande zote mbili kwa pamoja, hivyo ubao hutoka laini na randa hula kidogo. Fundi wa Keko, Dar es Salaam, anayepasua mninga wa inchi mbili ili apate mbao mbili za mlango wa kabati anajua milimita moja ya randa ina thamani gani.

Kinachoamua kama kabaidi inafaa ni mti unaopasuliwa. Mtiki una silika ndani ya nyuzi zake, na silika ni mchanga. Mvule mara nyingi huficha mawe ya chokaa ndani ya gogo, hayaonekani mpaka bledi iyafikie. Mnazi nao, hasa sehemu ya nje ya shina iliyo nyeusi na nzito, hula makali ya chuma haraka sana. Kwa miti hii jino la chuma linakuwa butu mapema, na kabaidi inarudisha fedha yake. Jiwe kubwa la mvule linaweza kung'oa hata ncha ya kabaidi, kwa hiyo sauti ikibadilika ghafla acha kusukuma. MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizogandishwa kwa gundi) na plaiwudi zinaingia kundi hilohilo kwa sababu ya gundi. Kwa paini ya shamba la miti la Sao Hill, hapana: chuma cha kawaida kinatosha, na kinanolewa kwa tupa.

Umbo la kazi nalo lina neno. Bledi nyingi za kabaidi zina upana wa kuanzia nusu inchi kwenda juu. Ya nusu inchi haipindi vizuri kwenye duara lenye nusu kipenyo chini ya milimita 65 hivi. Ya inchi moja ni ya kupasua moja kwa moja. Mwenye kuchonga miguu ya viti na vichwa vya vitanda abaki na bledi nyembamba ya chuma.

Baada ya mti, tazama mashine, na hapa ndipo fedha nyingi zinapotea. Kanuni ya karakana ni kwamba unene wa bledi usizidi sana sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu. Gurudumu la milimita 600 linabeba bledi ya milimita 0.6 bila shida. Ukiifunga bledi hiyohiyo kwenye gurudumu la milimita 350 itazunguka, lakini inapindwa kupita kiasi na nyufa zitaanza kwenye mabonde kati ya meno, wakati ncha bado zina makali. Unakuwa umenunua kabaidi na kutupa chuma.

Kisha mvuto. Bledi ya kabaidi hutaka kukazwa zaidi ya ile ya kawaida. Kiwango cha nyutoni 170 kwa kila milimita mraba ni cha wastani. Chukua bledi ya upana wa milimita 25, ondoa milimita 5 za kina cha bonde, zibaki 20. Zidisha kwa unene wa 0.6, unapata milimita mraba 12. Mara 170 ni nyutoni 2,040, na kwa kuwa bledi inavuta gurudumu kwa pande mbili, ni nyutoni 4,080, yaani zaidi ya kilo 400 zinazobebwa na springi na fremu. Mashine nyingi ndogo za gurudumu la inchi 14 hazifiki hapo. Bledi inabaki legelege, na kwenye ubao mrefu inakata tumbo: juu na chini sawa, katikati imepotoka.

Kipimo cha mvuto kilichobandikwa kwenye mashine kisiaminiwe. Bledi ikiwa imekazwa kidogo tu, funga venia (kipimo cha taya mbili kinachosoma sehemu za milimita) kwa klempu mbili ndogo, taya moja kila klempu, kwa umbali wa milimita 150, skrubu ya venia ikiwa imelegezwa. Endelea kukaza. Taya zikiachana kwa milimita 0.13, umefika kwenye 170. Hakikisha umeme umezimwa kwenye swichi kuu kabla ya kugusa chochote.

Urefu upimwe mwenyewe kabla ya kuagiza, maana bledi hii haikatwi na kuungwa mtaani kama roli la chuma. Weka gurudumu la juu katikati ya mwendo wake wa kukaza. Zidisha kipenyo kwa 3.14, ongeza umbali wa katikati hadi katikati mara mbili. Magurudumu ya milimita 400 yaliyoachana 1,100 yanataka bledi ya milimita 3,456.

Kwa ubao wa kimo cha inchi 6 na kuendelea, chagua meno mawili au matatu kwa inchi. Meno yakizidi, bonde linajaa unga kabla jino halijatoka upande wa pili, bledi inachemka na kuyumba. Kwa ubao mwembamba, angalau meno matatu yawe ndani ya mti kwa wakati mmoja.

Bledi mpya isisukumwe kwa nguvu. Mita za mwanzo pasua kwa nusu ya mwendo wa kawaida wa kusukuma, kwani makali mapya ni membamba na humegeka kirahisi. Vishikizi vya pembeni viwe nyuma ya mabonde. Vikigusa ncha, bledi imekwisha. Mbao zilizotoka kwenye zege au paa la zamani zikaguliwe misumari moja moja.

Umeme ukikatika katikati ya ubao, zima swichi kwanza. Usirudishe ubao kwa kuuvuta, kwa sababu ncha zitashika mti kwa nyuma na kung'oka, au bledi itatoka kwenye magurudumu. Gonga kabari kwenye njia iliyokatwa ifunguke, kisha rudisha polepole huku ukizungusha gurudumu la juu kwa mkono. Umeme hafifu nao ni hatari: mota ikipoteza kasi, punguza kusukuma au subiri.

Jioni legeza mvuto, futa utomvu kwa mafuta ya taa na upake mafuta mepesi, kwa sababu hewa ya chumvi ya Dar es Salaam huleta kutu kwenye mkanda, si kwenye kabaidi, na ufa huanzia kwenye kutu. Kunoa ni kwa jiwe la almasi tu, kwa mashine inayoshika pembe ya jino. Kabla hujampa fundi bledi yako, muulize ana jiwe hilo, na mwambie anoe kila jino kwa kiasi kilekile. Jino likiachwa refu kuliko wenzake litabeba mzigo wote na litakuwa la kwanza kumegeka.